Mayatima wa Vitabuni na Mayatima wa Nyeri

Ni desturi ya kijitabu hiki cha mwaka kutanguliza hesabu ya fedha, habari za mikutano na majina ya wanachama waliotutoka, kisha kuacha kurasa chache kwa mambo ya kale. Mwaka huu kurasa hizo tumewapa mayatima. Kila mara chama kinapopeleka rambirambi na fedha za mazishi katika nyumba ya msiba, fedha hukabidhiwa mtu mzima, naye hutia sahihi. Mtoto aliyeketi pembeni mwa ua, ambaye msiba ule ni wake kuliko wa mtu yeyote, haonekani katika stakabadhi. Tuliona inafaa kuuliza watoto wa namna hiyo walitendewaje zamani, hapa Nyeri na kwingineko.

Twaanza na kwingineko, kwa kuwa wengi wetu tulimsoma yatima vitabuni kabla ya kumtazama vema yule wa jirani. Shuleni tulipewa hadithi za Waingereza zilizoandikwa katika enzi ya Malkia Victoria, aliyetawala tangu 1837 hata 1901, nyingi zikiwa zimefupishwa kwa ajili ya wanafunzi. Mtu akizipanga hadithi zile mbele yake atashangaa jinsi mayatima walivyojaa humo. Oliver Twist hana baba wala mama. David Copperfield alizaliwa baba yake amekwisha kufa, na mama alipofariki, baba wa kambo alimpeleka mtoto akaoshe chupa ghalani. Jane Eyre analelewa na mjane wa mjomba wake, ambaye hampendi. Pip, wa kitabu kiitwacho Great Expectations, anawajua wazazi wake kwa maandishi ya jiwe la kaburi tu.

Hayakuwa mambo ya kubuni matupu. Miji ya viwanda vya Uingereza ilikuwa michafu, na maradhi yaliua baba na mama katika umri wa kuzaa. Charles Dickens, aliyeandika vitatu kati ya vitabu hivyo vinne, hakuwa yatima. Lakini mwaka wa 1824 baba yake alitiwa gerezani kwa sababu ya deni, naye, mtoto wa miaka 12, akatumwa kubandika karatasi juu ya vyungu vya rangi nyeusi ya viatu katika ghala moja la London. Uchungu wa siku zile hakuusahau. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1834, Serikali ya Uingereza ilitunga Sheria mpya ya Maskini. Mtu aliyetaka msaada alipaswa kuingia katika nyumba ya maskini, ambamo mume alitengwa na mke, na watoto wakatengwa na wazazi; na maisha ya humo yalifanywa kuwa magumu kwa makusudi, ili watu wasipende kuingia. Hadithi ya Oliver Twist ilianza kuchapwa katika gazeti mwaka wa 1837, na kila aliyeisoma anamkumbuka yule mtoto akisimama na bakuli lake kuomba aongezewe uji. Msomaji wa Nyeri hahitaji kufafanuliwa uji ni kitu gani. Kwa ombi hilo moja alifungiwa peke yake, kisha likatolewa tangazo kwamba atakayemchukua atapewa na pauni 5 juu yake. Nusura apewe msafishaji wa dohani, mtu aliyezoea kupenyeza watoto wadogo ndani ya mabomba ya moshi. Mwishowe akapewa mtengeneza majeneza. Akatoroka kwa miguu hata London, akaangukia mikononi mwa mzee Fagin, ambaye kazi yake ilikuwa kufundisha watoto wizi.

Hayo ndiyo yanayokumbukwa. Lakini katika hadithi hiyo mna jambo jingine ambalo waalimu wetu walilipita haraka, nasi twaliona kuwa ndilo kiini chake. Baba ya Oliver alikuwa ameandika wosia, na sehemu kubwa ya mali aliiacha kwa mama ya Oliver na kwa mtoto atakayezaliwa. Mkewe wa ndoa aliuchoma wosia huo moto. Mwana wa mke huyo, aitwaye Monks, alijua ya kwamba wosia ulikuwa na sharti: mtoto akiwa mwanamume, atapoteza urithi iwapo atalitia jina lake aibu mbele ya watu kabla ya kufikia utu uzima. Basi Monks akamlipa Fagin ili ndugu yake wa baba mmoja afanywe mwizi. Tunapomwona Oliver akifundishwa kuchomoa leso mifukoni mwa watu, kumbe nyuma yake kuna ndugu anayetaka shamba, kama tungelisema kwa lugha ya huku kwetu.

Katika Jane Eyre, kitabu cha Charlotte Brontë cha mwaka wa 1847, jambo hilo hilo limo. Jane alipelekwa katika shule ya mayatima iitwayo Lowood, ambako chakula kilikuwa haba na homa iliwaua wanafunzi wengi. Mwandishi alijua anachosema: dada zake wawili, Maria na Elizabeth, waliugua katika shule ya Cowan Bridge wakafa mwaka wa 1825. Lakini dhuluma kubwa kuliko njaa ya Lowood ni barua. Ndugu ya baba yake Jane, aliyekuwa akiishi kisiwa cha Madeira, alimwandikia Bi Reed, yule mjane aliyemlea, akimtafuta binti huyo ili amfanye mtoto wake na mrithi wake. Bi Reed akamjibu ya kuwa Jane amekwisha kufa kwa homa huko Lowood. Mtoto yu hai, lakini kwa karatasi amezikwa. Bi Reed hakuungama mpaka alipokuwa kitandani anakufa.

Njaa humdhoofisha yatima wa vitabu hivi, bali anayemwangamiza ni mtu wa jamaa yake mwenye karatasi mkononi.

Vitabu vyenyewe vina udhaifu, nasi hatuoni sababu ya kuuficha. Oliver anaokolewa kwa kuwa imegunduliwa kwamba ametoka katika ukoo wa watu wenye mali. Jane anapata pauni 20,000, na kwa wema wake anazigawa mafungu manne sawasawa na binamu zake. Je, yule ambaye hana mjomba tajiri? Dickens alimjibu muulizaji katika Bleak House, kitabu cha 1852 na 1853. Humo mna mtoto aitwaye Jo, ambaye hufagia matope njia panda ili wakubwa wavuke bila kuchafuka, na kila aliposimama askari alimwamrisha asogee mbele. Asogee wapi, hakuna aliyemwambia. Jo anakufa bila kupatikana jamaa yake hata mmoja. Kwa maoni yetu sura hizo ni za kweli kuliko mwisho wa Oliver Twist. Na ijulikane kwamba Uingereza yenyewe haikuwa na sheria ya kumfanya mtoto wa mwingine kuwa wako hata 1926.

Sasa tuje kwetu. Wazee wengi husema kwamba katika desturi ya Wagikuyu hakukuwa na yatima. Mume akifa, mjane alibaki katika nyumba yake na vishamba vyake, ndugu wa marehemu akamwangalia, na watoto wakabaki kuwa watoto wa mbari. Ardhi ya mbari ilikuwa na msimamizi wake, muramati, ambaye hakuwa mwenyewe wa ardhi ile bali mtunzaji kwa niaba ya walio hai na watakaozaliwa. Neno hili la wazee twalikubali nusu. Mtoto aliyeachwa alishiba kadiri ya moyo wa aliyemlea, na hadithi ambazo nyanya zetu walitusimulia jioni hazikukosa mama wa kambo mkatili. Watu hawasimulii daima jambo wasilolijua. Lakini nusu nyingine ni kweli tupu, nayo yahusu ardhi. Mipaka ilioteshwa maua ya itoka, na wazee waliijua kwa majina ya waliolima. Kijana aliyedhulumiwa akiwa mtoto aliweza kukua, akawaita wazee, na neno likafunguliwa upya. Kesi ya shamba haikuzeeka.

Vita vya 1914 hata 1918 vilitangulia kuitikisa desturi hiyo. Wapagazi wengi waliochukuliwa kwenda kubeba mizigo ya jeshi katika nchi ya Wadachi hawakurudi, na mafua makuu ya 1918 yakaua wengine majumbani. Hata hivyo ardhi ilibaki mikononi mwa mbari, na mayatima wa wakati ule, ingawa walikulia katika dhiki, kwa sehemu kubwa walijua mahali pa kusimama.

Mayatima wa Hali ya Hatari hawakuwa na bahati hiyo. Hali hiyo ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Upande wetu huu wa Kieni, ulio kati ya milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, ulikuwa wakati ule mashamba ya walowezi, na kazi ilifanywa na maskwota. Katika miezi iliyofuata, maelfu ya maskwota wa Kigikuyu kutoka mashamba ya Wazungu, hasa ya Bonde la Ufa, walirudishwa katika maeneo ya Waafrika, na pamoja nao watoto waliozaliwa mashambani, ambao hawakuwa wamewahi kuuona uso wa jamaa waliyekuwa wakipelekwa kwake. Mwishoni mwa 1954 watu zaidi ya 70,000 walikuwa kizuizini, huko Manyani, Mackinnon Road na kwingineko. Kutoka kati ya 1954 hadi mwisho wa 1955 watu zaidi ya milioni moja walihamishwa wakatiwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungukwa na handaki na seng'enge. Wazee wetu waliokuwa watoto wakati ule hawahitaji kusimuliwa. Mama alitolewa alfajiri kuchimba handaki la kuzuia msitu. Binti wa miaka 8 akabaki na mdogo wake mgongoni. Na amri ya kutotoka nje ikizidishwa, shamba halikulimwa. Msalaba Mwekundu na vikundi vya Maendeleo ya Wanawake viligawa maziwa na supu kwa watoto. Wengine waliokuwa katika mstari ule walikuwa na baba na mama walio hai, mmoja kizuizini na mwingine gerezani Kamiti, lakini kwa tumbo la mtoto hiyo ni elimu isiyofaa kitu.

Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekulia Limuru, ameeleza katika kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka wa 2010 jinsi alivyoiona, katika Oliver Twist iliyofupishwa, picha ya mtoto mwenye bakuli akiomba zaidi, akajiona yeye mwenyewe. Ilikuwa 1954. Ila yeye, asema, ombi lake alimpelekea mama yake, aliyempa kila alipoweza. Tumeitaja habari hii kwa kuwa yaonyesha kwamba vitabu vile vya Kiingereza vilisomwa hapa na watoto wenye njaa, wala hawakuona ugeni wowote ndani yake isipokuwa majina.

Watoto wengi walikimbilia Nairobi, wakaishi kwa kuokota na kubeba mizigo sokoni. Wakawa kina Jo: askari aliwakamata kwa uzururaji, akawarudisha maeneo yao, nao wakarejea. Wavulana waliokutwa katika kambi za wafungwa pamoja na watu wazima walitengwa wakapelekwa Wamumu, katika nchi ya Mwea, wakafundishwa kusoma na kazi za mikono. Watatu waliofanya kazi huko, yaani Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, walianzisha Starehe mjini Nairobi mwaka wa 1959, katika vibanda viwili vya mabati, kwa ajili ya watoto wa barabarani, ambao wengi wao vita ile ilikuwa imewaacha bila wazazi. Shule hiyo leo inajulikana kote. Twaisifu, na hatuoni haya kuisifu. Lakini mtoto mmoja akiingia Starehe, walikuwako wengi waliobaki nyuma ya nyumba ya mtu wakichunga mbuzi wasio wao. Meja Mwangi, mzaliwa wa Nanyuki, alikionyesha kizazi cha vijana wanaolala katika vichochoro vya Nairobi katika Kill Me Quick ya 1973, na kitabu chake hakina mjomba tajiri.

Hata hivyo njaa ya vijijini ilikwisha, na wengi waliookoka walikua. Jambo lisilokwisha lilitendeka wakati watu wangali wamefungiwa vijijini, nalo ni kupimwa kwa ardhi. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulitaka vipande vya mashamba vilivyotawanyika viunganishwe, kila mtu apewe shamba moja lenye namba na hati. Nyeri ilikuwa mbele katika kazi hiyo. Katika eneo la Chifu Muhoya, North Tetu, watu walikuwa wamekwisha kuanza. Kwa upande wa kilimo mpango ulikuwa na akili, na hatutasema vingine: mtu mwenye vipande sita katika miteremko sita hawezi kupanda kahawa kwa faida. Bali tazameni namna ulivyotekelezwa. Kamati ya wazee ilikaa, ikasikiliza kila mmoja akitaja vipande vyake, vikapimwa kwa mnyororo, vikajumlishwa. Aliyekuwapo alitaja vyake. Aliyekuwa Manyani alitajiwa na ndugu yake, kama alikuwa na ndugu mwema. Na aliyekufa msituni, akaacha mtoto wa miaka 5, ni nani aliyetaja vipande vyake?

Mara nyingine alikuwako mtu. Wako mababa wadogo waliosimama mbele ya kamati wakasema, kipande hiki ni cha mtoto wa ndugu yangu. Na watoto wao na wa marehemu wanalima bega kwa bega hata leo. Mara nyingine kipande kilijumlishwa katika shamba la msemaji, na mara nyingine hakikutajwa kabisa. Tena alikuwako mtoto ambaye baba yake aliitwa gaidi. Sheria ya 1953 iliruhusu ardhi ya viongozi wa mapigano kutwaliwa, na hofu ya jina hilo ilifunga vinywa hata pale ambapo hakuna aliyetwaa kitu. Wosia wa baba ya Oliver ulisema mtoto mwenye jina baya asirithi. Hapa kwetu jina baya lilikuwa la baba, na mtoto akalilipia.

Serikali ilijua ya kwamba watu watalalamika, kwa hiyo kesi za ardhi zikasimamishwa katika mahakama za Waafrika mwishoni mwa miaka ya 1950. Huko Murang'a udanganyifu ulikithiri hata kazi ikalazimika kurudiwa. Kisha Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 ikasema kwamba usajili wa kwanza hautarekebishwa, hata kama ulipatikana kwa hila. Sheria hiyo ilidumu mpaka 2012. Desturi yetu ilisema kesi ya shamba haizeeki. Karatasi ikasema imekufa siku ile ile ilipozaliwa. Yatima aliyefikia umri wa miaka 20 katika 1970 alikuta jina moja katika daftari, nalo si la baba yake. Aliyekuwa muramati kwa desturi alikuwa sasa mwenye mali kwa sheria, na wako walioitumia nafasi hiyo bila kulala macho hata usiku mmoja.

Mashamba ya walowezi yalipoanza kugawanywa kwa Waafrika kuanzia 1962, tumaini lilifufuka, na wengi wa wanaosoma kijitabu hiki ni watoto au wajukuu wa waliokuja Kieni wakati huo. Lakini shamba la mpango lilitaka amana na mkopo wa kulipwa kwa miaka, na mtu asiye na kipande cha kuuza wala mshahara aliingia Kieni kama kibarua wa mwenzake. Ukiwauliza wazee wa Endarasha kwa upole, watakuonyesha familia ambazo hadithi yao ni hiyo.

Mayatima wa siku zetu wametokana na mambo mengine. Ukimwi ulitangazwa kuwa janga la taifa mwaka wa 1999, na tangu 2004 Serikali imekuwa na mpango wa kuwapa fedha walezi wa mayatima, uliofikia shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo zanunua unga. Shamba halimo ndani yake. Shamba limo katika Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Sheria hiyo yawapa watoto wa marehemu asiyeacha wosia mafungu sawa, wana kwa mabinti. Tena mrithi akiwa mtoto mdogo, haitaki mtu mmoja peke yake apewe usimamizi wa mirathi. Hutakiwa wasimamizi wawili au zaidi, isipokuwa kazi hiyo ikabidhiwe mdhamini wa umma au shirika la udhamini. Jambo hili wanachama wengi hawalijui, na twaomba walisome mara mbili.

Kesi huanza kwa barua ya chifu yenye majina ya warithi. Chifu huandika majina anayoambiwa na waliofika ofisini, na mtoto hafiki ofisini. Kisha tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye kupinga hupewa siku 30. Ni nani kijijini anayesoma Gazeti Rasmi? Barua ya Bi Reed ilisema mtoto amekufa. Siku hizi si lazima mtu aseme uongo mkubwa kiasi hicho, yatosha kutolitaja jina. Hata hivyo sheria imeacha mlango: hati ya usimamizi iliyopatikana kwa kuficha jambo la maana yaweza kufutwa na mahakama, hata baada ya kuthibitishwa. Na kwa wale wa zamani, Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi iliyotoka Meru na kuamuliwa mwaka wa 2018, ilisema kwamba amana ya kimila juu ya ardhi ya ukoo yaweza kumfunga mwenye hati ijapokuwa haikuandikwa katika daftari, na ijapokuwa anayeidai hakai juu ya ardhi hiyo. Mlango uliofungwa miaka ya 1950 umefunguka kidogo. Wengi waliokuwa wakiugonga wamekwisha kufa.

Kutokana na hayo, halmashauri imeongeza ukurasa katika daftari la wanachama. Kila mwanachama atautumia kuandika majina ya watoto wake wote: wa nyumba ya kwanza na ya pili, mabinti walioolewa na wasioolewa, waliozaliwa nje ya ndoa, na wale wa ndugu aliyefariki ambao ardhi yao iko chini ya jina lake. Mashahidi wawili watatia sahihi, na nakala itawekwa na mweka hazina, itolewe siku ya kwenda kwa chifu. Hadi kijitabu hiki kilipopelekwa kwa mpiga chapa, kurasa zilizojazwa hazikufika nusu. Waliochelewa wamfikie mwandishi wa chama siku yoyote ya mkutano, nao waje na majina kamili.